Kiwiliwili cha zamani, mabawa mapya: uchambuzi wa kisa cha ndege ya Nimrod MRA4

Desemba 1996 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilisaini mkataba wa kupata ndege 21 za doria ya baharini. Bajeti iliyoidhinishwa ilikuwa takriban paundi bilioni 2.8, na ndege zilitakiwa kuanza kazi Aprili 2003. Oktoba 2010 mradi ukafutwa. Kufikia hapo zilikuwa zimetumika takriban paundi bilioni 3.4, idadi ya ndege ilikuwa imeshuka hadi 9, na iliyokuwa imekabidhiwa rasmi ni moja.

Tumekichagua kisa hiki kwa sababu fedha nyingi zilipotea bila kuhitaji mwizi. Zilipotea kwenye makadirio, kwenye vipimo na kwenye vikao vilivyoahirisha uamuzi. Majina ya maafisa na wahandisi yameachwa, na kampuni iliyobeba mkataba itaitwa mkandarasi mkuu. Majina ya ndege na ya nchi tumeyataja kwa kuwa bila hayo hesabu hazina maana.

Usuli

Nimrod ilikuwa ndege ya kuwinda nyambizi, kulinda meli na kutafuta watu waliopotea baharini. Iliingia kazini mwaka 1969 ikiwa imejengwa juu ya umbo la Comet, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kibiashara. Wazee wa Nairobi waliokuwa wakienda kuangalia ndege zikiruka wanaifahamu Comet: Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kuzitumia mwaka 1960. Injini zake nne hazikuning'inia chini ya mabawa. Zilizikwa ndani ya mashina ya mabawa, mbili kila upande, zikiegemea kiwiliwili, yaani mwili wa ndege bila mabawa. Jambo hilo la umbo ndilo lililokuja kula fedha miaka 30 baadaye, kwa hiyo msomaji alishike.

Kufikia miaka ya 1990 ndege hizo zilikuwa zimechoka, hasa mabawa, injini na vyombo vya kusakia. Uingereza haikuweza kuachia kazi hiyo, kwa kuwa nyambizi zake za nyuklia hutoka na kurudi kwenye maji ya Scotland, na ndege ya doria ndiyo huhakikisha hazifuatwi. Zabuni ikatangazwa. Waliojitokeza walileta mapendekezo ya ndege aina ya Orion, mpya au zilizokarabatiwa, na ndege ya Kifaransa aina ya Atlantique. Mkandarasi mkuu alikuja na wazo jingine: tuchukue viwiliwili vya Nimrod zilizopo, tuvisafishe, tuviwekee mabawa mapya, injini mpya, miguu mipya ya kutulia na mfumo mpya wa kompyuta wa kusaka nyambizi. Wakaliita Nimrod 2000, jina ambalo baadaye lilibadilika kuwa Nimrod MRA4, na Julai 1996 likatangazwa kuwa mshindi.

Lilivutia kwa sababu za kweli. Marubani waliipenda Nimrod kwa kuwa ilifika haraka eneo la kazi, kisha ikazima injini moja au mbili na kuzunguka kwa saa nyingi ikiokoa mafuta. Kazi ingebaki Uingereza. Na bei ilionekana nafuu, kwa kuwa kiwiliwili, sehemu ambayo kwa kawaida hugharimu sana kuibuni na kuithibitisha, tayari kilikuwepo. Hesabu nzima ya unafuu ilisimama juu ya sentensi hiyo moja, na kabla ya saini kuwekwa haikupimwa inavyostahili.

Mambo yalivyokwenda

Mapema 1997 viwiliwili vitatu vya kwanza vilipakiwa kwenye ndege kubwa ya mizigo aina ya Antonov An-124 kutoka kambi ya Kinloss, Scotland, hadi Bournemouth kusini mwa Uingereza, ambako mkandarasi mdogo alipewa kazi ya kuvivua ngozi, kuvikagua na kuvitayarisha. Mabawa yalikuwa yakibuniwa kwingine, kwa kompyuta.

Hapa inafaa kusimama. Injini mpya, BR710, zilikuwa na kipenyo kikubwa kuliko zile za zamani na zilihitaji hewa nyingi zaidi. Kwa kuwa injini hukaa ndani ya shina la bawa, mdomo wa kuingizia hewa ulibidi upanuliwe. Kupanua mdomo kulimaanisha kubuni upya shina la bawa, yaani ile sehemu inayopita chini ya kiwiliwili na kushikana nacho. Ndege nzima ikawa na kiungo kimoja kigumu: upande mmoja chuma kilichochongwa na mashine kufuata mchoro wa kompyuta, upande wa pili kiwiliwili kilichoundwa miaka ya 1960 na mafundi waliokuwa wakipinda bamba, wakalipachika, wakalipiga nyundo kidogo lilale, kisha wakapiga ribiti.

Fundi seremala wa Mji Mkongwe wa Zanzibar anaijua hali hii bila kufundishwa. Ukuta wa mawe na chokaa hauko wima, na matundu mawili ya milango kwenye ukuta mmoja hayalingani. Hapimi tundu moja akachonga milango ishirini. Hupima kila tundu, juu, katikati na chini, na kila mlango huwa na mahali pake.

Viwiliwili vya Nimrod vilikuwa hivyo. Havikulingana na michoro ya zamani, wala havikulingana vyenyewe kwa vyenyewe. Kila kimoja kilitoka na vipimo vyake, na juu ya hapo kilikuwa na historia yake ya matengenezo: kiraka hapa, tundu la antena lililoongezwa pale. Bawa lililotoka sawasawa kwa mujibu wa mchoro halikukaa. Na kwa kuwa bawa ni kipande kizito kinachobeba ndege yote, haliwezi kupigwa nyundo hadi likubali.

Mwaka 1999 ikadhihirika kwamba ratiba haishikiki. Viwiliwili vikaondolewa Bournemouth na kupelekwa kwenye kiwanda cha mkandarasi mkuu mwenyewe huko Woodford, na tarehe ya kuanza kazi ikasogezwa miezi 23, hadi Machi 2005. Mwaka 2002 idadi ikapunguzwa kutoka 21 hadi 18. Maelezo ya wizara yalikuwa kwamba ndege mpya ina uwezo mkubwa kiasi kwamba chache zinatosha.

Februari 2003 pande mbili zilikaa na kuuandika mkataba upya. Ndege ya kwanza ya majaribio ilipaa Woodford tarehe 26 Agosti 2004, mwaka mmoja na zaidi baada ya siku ambayo kikosi kilitakiwa kiwe kazini. Majaribio yalileta dosari za uthabiti angani zilizotaka mifumo ya udhibiti irekebishwe. Idadi ikashuka hadi 16, kisha 12 mwaka 2006, kisha 9 kufikia 2009. Ndege ya kwanza ya uzalishaji iliruka Septemba 2009 na kukabidhiwa Machi 2010.

Katikati ya safari hiyo ulitokea msiba. Tarehe 2 Septemba 2006 Nimrod ya zamani, yenye namba XV230, iliwaka moto hewani karibu na Kandahar, Afghanistan, muda mfupi baada ya kujazwa mafuta angani. Wote 14 waliokuwemo walikufa. Uchunguzi huru uliotolewa Oktoba 2009 uliikosoa vikali namna usalama wa ndege hizo ulivyokuwa umetathminiwa: mafuta yaliweza kuvuja na kufika kwenye mabomba ya hewa ya moto, na hati iliyotakiwa kugundua hatari hiyo ilikuwa imejazwa kama fomu. Tangu siku hiyo hakuna mtu serikalini aliyekuwa tayari kupokea kwa imani tupu ndege yoyote yenye kiwiliwili cha Nimrod. Na ni haki yao.

Maamuzi makuu na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa aina ya mkataba. Wizara ilichagua bei iliyofungwa: mkandarasi ataje bei, na hasara ikitokea ni yake. Sababu yake inaeleweka. Serikali ilikuwa imechomwa na mradi wa awali uliotumia umbo hilihili la ndege, Nimrod AEW3 ya rada ya onyo la mapema, uliofutwa Desemba 1986 baada ya kula mamia ya mamilioni ya paundi, na badala yake zikanunuliwa ndege za Kimarekani. Bei iliyofungwa ilionekana kama kufuli mlangoni.

Lakini kufuli hilo hufanya kazi pale kitu kinachonunuliwa kinapojulikana. Kwa malori 200 ya aina iliyoko sokoni, funga bei. Kwa ndege ambayo sehemu yake kubwa ni ubunifu mpya, bei iliyofungwa haiondoi hatari, inaificha tu ndani ya vitabu vya mkandarasi. Mnunuzi hana haki ya kuuliza sana, kwa kuwa "si fedha yako". Mkandarasi naye hana sababu ya kusema mapema kwamba mambo yameharibika. Siku hasara inapozidi uwezo wake wa kuibeba, anarudi mezani, na mnunuzi anagundua kwamba hawezi kuondoka kwa sababu hana ndege nyingine.

Ndivyo ilivyokuwa Februari 2003. Bei iliyofungwa ikaachwa, ukaja mkataba wa gharama lengwa: pande zote zinakubaliana gharama inayotarajiwa, ikipungua wanagawana faida, ikizidi wanagawana maumivu. Mkandarasi mkuu akaandika hasara ya paundi milioni 500 kwa mradi huu peke yake, na wizara ikabeba nyongeza yake. Uamuzi mwingine wa siku hiyo haukusifiwa vya kutosha: uzalishaji wa ndege nyingine usiendelee mpaka tatu za majaribio zionyeshe kwamba umbo limekomaa.

Kupunguza idadi ni uamuzi uliorudiwa mara nne, na kila mara ulielezwa kama kubana matumizi. Tuufanyie hesabu kwa tarakimu za mfano tu. Chukua gharama ya kubuni na kujaribu iwe bilioni 2, nayo haibadiliki hata ukijenga ndege moja. Kila ndege igharimu milioni 100 kuiunda. Ndege 21 zitakuwa bilioni 4.1, sawa na milioni 195 kila moja. Ndege 9 zitakuwa bilioni 2.9, sawa na milioni 322 kila moja. Umekata zaidi ya nusu ya kikosi, umeokoa chini ya theluthi ya fedha.

Sasa tarakimu za kweli. Mwaka 1996, bilioni 2.8 kwa ndege 21 ni milioni 133 kwa ndege. Ripoti ya ukaguzi ya mwaka 2009 ilikadiria bilioni 3.6 kwa ndege 9, sawa na milioni 400 kwa ndege. Bei ya ndege moja imefika mara tatu, na hakuna kikao hata kimoja kilichowahi kuketi kuidhinisha bei ya mara tatu. Ilipanda kipande kwa kipande.

Matokeo

Nimrod za zamani ziliondolewa kazini tarehe 31 Machi 2010, kwa matumaini kwamba mpya ziko mlangoni. Tarehe rasmi ya kuanza kazi kwa mpya ilikuwa imeshasogea hadi Oktoba 2012, miezi 114 nyuma ya ile ya awali.

Serikali mpya iliyoingia Mei 2010 ilifanya mapitio ya ulinzi, na tarehe 19 Oktoba 2010 ikatangaza kufuta mradi. Ilitaja akiba ya takriban paundi bilioni 2 kwa miaka 10 katika gharama za kuziendesha. Baadaye ilieleza pia kwamba ukaguzi wa ndege iliyokabidhiwa ulikuta mamia ya mambo yasiyolingana na usanifu, yakiwemo mashaka kuhusu milango ya chumba cha silaha, miguu ya kutulia na bomba la mafuta. Januari 2011 mashine zilianza kuzikatakata ndege hizo palepale Woodford. Picha za mkono wa mtambo ukipasua kiwiliwili chenye rangi mbichi zilionekana nchi nzima, na kwa wafanyakazi waliokaa miaka kumi na zaidi kwenye kazi hiyo lilikuwa jambo la kuumiza sana.

Uingereza ilikaa karibu muongo mmoja bila ndege yake ya kuwinda nyambizi. Mwishoni mwa 2014, iliposhukiwa kwamba nyambizi ya kigeni iko karibu na pwani ya Scotland, ndege za nchi washirika ndizo zilizoitwa kuisaka. Novemba 2015 serikali ikatangaza kununua ndege 9 za P-8A Poseidon kutoka Marekani, na ya kwanza ikatua Kinloss Februari 2020. Ni 9, idadi ileile iliyokuwa imebaki kwenye mradi uliofutwa.

Uchambuzi: yaliyofanya kazi

Tuanze na machache mazuri, kwa kuwa yapo. Mkataba mpya wa 2003 ulifanya kile ambacho ule wa 1996 ulishindwa: uliziweka pande mbili mbele ya daftari moja. Tangu hapo makadirio ya wizara yalianza kufanana na hali ya karakana. Kusimamisha uzalishaji hadi majaribio yaonyeshe kitu kulizuia hasara kubwa zaidi, kwa sababu kila dosari iliyoonekana angani ingelazimu kufumua ndege 18 badala ya 3.

Jambo la pili lilikuja baada ya kufutwa. Jeshi la anga liliwatuma baadhi ya wahudumu wake wenye ujuzi kwenda kufanya kazi ndani ya vikosi vya Marekani, Canada, Australia na New Zealand. Ujuzi wa kusikiliza nyambizi hauandikwi kitabuni ukaisha. Unakaa masikioni mwa mtu, na usipotumika unapotea. Zilipofika Poseidon, walikuwepo watu wa kuzipokea. Gharama yake ilikuwa ndogo kulinganisha na kuanza upya na vijana wasiowahi kuisikia nyambizi halisi.

Uchambuzi: yaliyoshindikana

Kosa mama ni la vipimo. Viwiliwili vilichukuliwa kuwa mali inayojulikana kwa sababu vilikuwa vikiruka kila siku. Kujua kuendesha kitu na kujua umbo lake ni vitu viwili tofauti. Kipimo kilichohitajika hakikuwa cha ajabu: kabla ya bei kufungwa, vua ngozi ya viwiliwili viwili au vitatu, vyenye umri na historia tofauti, visimamishe kwenye kiunzi, pima sehemu zote zitakazoshikana na bawa, linganisha na mchoro wa zamani na uvilinganishe vyenyewe. Tofauti ikizidi kile ambacho kiungo kinaweza kumeza, una njia tatu tu. Ubuni kiungo chenye nafasi ya kurekebishwa kwa kila ndege, uunde viwiliwili vipya, au uachane na wazo. Zote tatu zilikuwa nafuu mwaka 1996. Kufikia 1999 mabawa yalikuwa yameshachorwa, na hakuna hata moja iliyobaki nafuu.

Hapa mtu anaweza kusema kwamba viwiliwili vipya vingeondoa unafuu wote. Ni kweli, na ndiyo hoja yenyewe. Sehemu kubwa ya ndege ile ilikuwa mpya hata hivyo. Ukibadilisha mabawa, injini, miguu, nyaya na kompyuta, kilichobaki ni kopo la zamani ambalo kila kitu kipya kinalazimika kulinyenyekea. Wanaoandaa mpango wa "kukarabati" kifaru, meli au helikopta wafanye hesabu hii mapema: ni asilimia ngapi ya thamani itakuwa mpya? Ikizidi nusu, mlinganishe mpango wenu na kununua kipya kwa haki, mkihesabu pia gharama ya kuthibitisha usalama. Kiwango hicho cha nusu ni maoni yetu, si sheria, lakini hatujaona mradi ulioumia kwa kukitumia.

Kosa la pili ni kuanza mambo mengi kwa wakati mmoja. Viwiliwili vilikuwa vikikarabatiwa huku mabawa yakibuniwa na mfumo wa kompyuta ukiandikwa. Ratiba ya namna hiyo hupendeza kwenye karatasi kwa sababu mistari yote inakwenda sambamba na kukutana siku moja. Mstari mmoja ukichelewa, mingine haipumziki: mafundi wanalipwa, karakana inalipiwa, na kazi iliyokamilika mapema inafumuliwa ili ilingane na iliyochelewa. Kufumua ni ghali kuliko kuunda, kwa kuwa unalipa mara tatu: kuunda, kubomoa na kuunda tena.

Kosa la tatu linahusu hati za usalama. Ndege iliyoidhinishwa kwa fikra za 1996 ilikuja kukaguliwa kwa macho ya 2010, baada ya watu 14 kufa. Mradi unaochukua miaka 14 utavukwa na kanuni mpya, hilo halizuiliki. Kinachowezekana ni kukagua kila kipande kinapofungwa, mkaguzi huru akiwa karakanani na hati yake ikiwekwa sahihi siku hiyohiyo. Mamia ya dosari zinazojitokeza baada ya makabidhiano zinaonyesha kwamba ukaguzi uliachiwa mwisho, na mwishoni hakuna tena fedha wala muda wa kuzirekebisha.

La nne ni gumu kulisema, kwa kuwa waliohusika walikuwa watu wenye nia njema. Mradi ulikuwa na milango mizuri ya kutokea, ile ya 1999 na ya 2003, ukaipita yote miwili bila kutoka. Kila mara hoja ilikuwa fedha zilizokwisha kutumika. Maji yakimwagika hayazoleki: zilizotumika hazirudi ukiendelea wala ukiacha, kwa hiyo hazina nafasi kwenye hesabu. Karatasi iliyotakiwa kuwa mezani Februari 2003 ingekuwa na safu mbili. Kushoto, fedha zinazohitajika kuanzia leo kuimaliza ndege hii, pamoja na nyongeza ya kuchelewa kwa kasi ileile ya miaka 6 iliyopita. Kulia, fedha zinazohitajika kuanzia leo kununua ndege iliyopo sokoni, pamoja na fidia ya kuvunja mkataba na gharama ya kuzishikilia Nimrod za zamani zikingoja.

Safu hizo zinapaswa kujazwa na watu wasio na ajira ndani ya mradi, kisha zirudiwe kila mwaka, hata mwaka ambao mambo yanaonekana kwenda vizuri. Mwaka 2003 mlango wa ile safu ya kulia ulikuwa bado uko wazi, na ndege za zamani zilikuwa na miaka 7 zaidi ya kuruka. Oktoba 2010 zilikuwa zimeshastaafu, na aliyefanya uamuzi alibaki na ndege moja iliyokabidhiwa, nyingine zikiwa bado kiwandani Woodford, na bahari isiyo na mlinzi.